Mguu wa Klachi

Ndege ilikuwa imekwisha kutua. Nasisitiza hilo kwa sababu watu wanaposikia kwamba niliiharibu ndege siku yangu ya kwanza kuruka peke yangu, huniuliza nilianguka kutoka wapi. Sikuanguka. Magurudumu yote matatu yalikuwa yamegusa changarawe za kiwanja, mwendo ulikuwa unapungua, na sehemu yote ya safari ambayo mwanadamu ana haki ya kuiogopa ilikuwa imebaki nyuma yangu. Kazi iliyosalia ilikuwa kunyoosha njia juu ya ardhi kwa mita mia chache. Baba yangu amefanya kazi hiyo maisha yake yote, akiwa na shehena mgongoni.

Baba ni dereva wa lori la mizigo. Nyumbani kwetu ni Soweto, Mbeya, lakini likizo zangu za utotoni nilizimaliza zaidi ndani ya kebini ya lori kuliko ndani ya nyumba. Mama alinifungia viazi na maharage kwenye hotipoti, baba akanipakia, tukaenda Iringa na kurudi. Tulipokuwa tukirudi, baada ya kuipita Igawa, pale barabara inaponyooka kuingia tambarare za Usangu, alinipakata akasema, "Shika kidogo." Nilishika usukani uliokuwa mpana kuliko kifua changu. Mikono yake ilikaa chini ya yangu bila kuigusa, kama mtu anayekinga matone. Sikumbuki zawadi nyingine aliyowahi kunipa ambayo niliithamini zaidi ya maneno hayo mawili.

Nilipofikisha miaka kumi na sita alinifundisha kuendesha kwa dhati, kwenye uwanja wa kupakia mchele pale Igurusi. Somo lake lilikuwa moja, na alilirudia mpaka likaacha kuwa maneno.

"Ukibabaika, klachi kwanza," alisema. "Injini ni dume la ng'ombe. Ukishamfungua nira, hakuvuti tena. Halafu ndiyo mikono. Mguu wa kushoto, halafu mikono."

Siku moja lori liliniponyoka kuelekea kwa kina mama waliokuwa wakipepeta mchele juu ya turubai. Sikufikiri chochote. Mguu wa kushoto ulizama hadi sakafuni, mikono ikazungusha, lori likaishiwa nguvu na kusimama, tairi likiwa limekanyaga ukingo wa turubai lao. Mama mmoja alisimama na ungo wake, akanitazama kupitia kioo kwa muda mrefu.

"Binti," alisema, "mguu wako una akili kuliko kichwa chako. Ulee huo."

Baba alicheka hadi Uyole. Wiki nzima kila mgeni aliyefika nyumbani alisimuliwa habari za mguu wangu.

Nilisoma. Nilihitimu shahada katika chuo kimoja hapo Mbeya, na wakati wa masomo nilikuwa mmoja wa wale vijana wanaobandika makala za maadili kwenye ubao wa matangazo, makala ambazo wenzao huzisoma wakisubiri foleni ya chakula. Niliamini, na bado naamini, kwamba nchi hii haikupungukiwa na watu wenye akili. Imepungukiwa na watu wa kusimama na kusema, "Ni mimi." Ajali barabarani, daraja lililobomoka, dawa iliyokosekana: kila mahali nilisikia kwamba ni bahati mbaya, ni mvua, ni mapenzi ya Mungu. Niliandika makala yenye kurasa nne kuhusu jambo hilo. Baba aliikunja akaihifadhi kwenye dashibodi ya lori, pamoja na leseni yake.

Halafu nilipata ufadhili wa kujifunza urubani katika chuo kidogo nje ya mji wa Iringa. Chuo kilikuwa na ndege tatu, karakana moja, darasa moja, na kiwanja cha changarawe kilichopakana na mashamba ya mahindi.

Mkufunzi wetu alikuwa mtu mfupi aliyewahi kurusha ndege kubwa kabla macho yake hayajamkatalia. Hakuwahi kupaza sauti. Matusi yake aliyatamka kwa upole wa daktari anayesoma majibu ya vipimo. Siku ya kwanza alituuliza, mmoja baada ya mwingine, kazi za wazazi wetu. Ilipofika zamu yangu nikajibu kwamba baba ni dereva wa lori.

"Basi wewe ni utingo," alisema, akaandika neno hilo kwenye daftari lake mahali palipopaswa kuandikwa jina langu.

Tangu hapo nilikuwa Utingo, kama yule msaidizi wa dereva wa lori. "Utingo, angalia mafuta." "Utingo, weka kigingi kwenye gurudumu." Wenzangu walilipokea jina hilo kwa furaha. Aliyelipenda kuliko wote alikuwa kijana wa Mlandege, mtaa wa hapo Iringa, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa, mtanashati, mcheshi, aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi, "Utingo, leo mnashusha Tunduma au mnalala Makambako?" Sikuwahi kumjibu. Nilijiambia kwamba dhihaka ni malipo ya wale wanaokusudia makubwa, na niliona fahari kidogo katika kudhihakiwa.

Chuo kilikuwa na desturi mbili zinazoihusu habari hii.

Ya kwanza: mwanafunzi anaporudi salama kutoka kuruka peke yake, humwagiwa ndoo ya maji, kisha hukatwa kipande cha shati mgongoni. Kipande hicho huandikwa tarehe na kutundikwa ukutani darasani. Kwa kuwa kijana wa Mlandege alikuwa na mkasi mzuri wa dukani kwao, kazi ya kukata ilikuwa yake.

Ya pili: mwanafunzi anayekosea huandika taarifa kwa mkono wake, akaisoma mwenyewe mbele ya darasa, amesimama. Mkuu wa chuo, mama mtaratibu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliipenda desturi hiyo kuliko zote. "Kosa la mmoja liwe somo la wote," alikuwa akisema. Sheria yake ilieleweka. Ndege ikitoka nje ya kiwanja kwa sababu ya upepo, mwanafunzi anaendelea baada ya siku chache. Ikitoka kwa kosa lake, mkuu ndiye anayeamua kama atarudi kuanza upya au atarudi nyumbani. Na anayedanganya hurudi nyumbani bila mjadala.

Siku ilipopangwa, nilimpigia baba simu. Alipanga safari yake ili lori lipumzike Ipogolo, akapanda bodaboda hadi kiwanjani. Alikuwa amevaa koti alilolinunua kwa ajili ya mahafali yangu, na viatu alivyovipaka rangi mwenyewe. Wenzangu walimwamkia, "Shikamoo mzee," naye aliwaitikia mmoja mmoja kama mtu anayehesabu abiria.

Mkufunzi alimkaribisha kwa heshima kubwa. Alimkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya karakana, akamweleza taratibu.

"Mzee, ukiona binti yako anamwagiwa maji, usishtuke. Ndiyo amefaulu. Wewe piga makofi."

"Maji ya baridi?" baba aliuliza.

"Ya bomba, mzee. Unaijua Iringa mwezi wa saba."

"Basi mimi nitamshikia koti."

Akalivua koti lake palepale, akalikunja na kuliweka mkononi, akabaki na shati la mikono mifupi kwenye baridi ile. Nilipoingia ndani ya ndege niliona bado amesimama hivyo.

Niliruka. Sitaeleza mambo ya angani, kwa sababu yalikwenda vizuri, na mambo yanayokwenda vizuri hayana mengi ya kusimuliwa. Nilizunguka, nikashuka, nikatua. Soksi ya upepo kando ya kiwanja, ule mfuko wa kitambaa unaojaa upepo ukivuma, ilikuwa imelala kama nguo kwenye kamba.

Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti kile anahitaji kujua jambo moja tu. Ndege ndogo ikiwa juu ya ardhi haiongozwi kwa mikono. Ule usukani ulio mbele ya rubani hauigeuzi hata kidogo. Inaongozwa kwa miguu: ukikanyaga pedali ya kulia, inakwenda kulia, ukikanyaga ya kushoto, inakwenda kushoto. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi, mkufunzi akiwa ubavuni mwangu. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa jambo hilo kwa maandishi.

Nilipogusa chini, pua ya ndege ilikuwa imeelekea kushoto kidogo, mkengeuko ambao mwanafunzi yeyote huusahihisha kwa kidole cha mguu. Nikababaika. Mguu wangu wa kushoto ulizama hadi sakafuni, mikono yangu ikazungusha usukani kwenda kulia. Ndege ikapinda zaidi kushoto. Kadiri ilivyopinda, ndivyo nilivyozidi kuukandamiza ule mguu, nikisubiri injini iachie, nikisubiri lile dume lifunguliwe nira. Nilizungusha usukani mpaka ukagota. Nakumbuka nilishangaa, kwa uchungu wa mtu aliyesalitiwa na rafiki, kwamba gari halisikii.

Ndege ilitoka nje ya kiwanja, ikapita kwenye nyasi, na gurudumu la mbele likatumbukia kwenye mfereji wa maji ya mvua. Pangaboi lilichimba udongo mara mbili, likasimama limejikunja ncha zote mbili. Nilizima kila kilichopaswa kuzimwa, kwa mpangilio sahihi, kisha nikashuka. Sikuwa na hata mchubuko.

Mkufunzi alifika akitembea. Wengine walikimbia, yeye alitembea. Alitazama gurudumu, akatazama pangaboi, akageuka kuitazama soksi ya upepo iliyolala, halafu akanitazama mimi.

"Umeumia?"

"Hapana, Kapteni."

"Basi twende. Maji yanasubiri."

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini alikuwa ameshanishika kiwiko, kwa upole, na kunipeleka mbele ya karakana ambako ndoo ilikuwa imewekwa tangu asubuhi. Wenzangu walifuata kimya. Baba alikuwa amesimama mbele ya kiti chake, koti mkononi.

"Kapteni," alisema kijana wa Mlandege kwa sauti ya chini, "si mpaka mtu afaulu?"

"Maji yamekwisha kuchotwa," mkufunzi alisema. "Hapa hatumwagi maji chini."

Akanimwagia mwenyewe. Hakuyarusha. Aliyamimina taratibu kuanzia utosini, kama anayemwagilia mche, mpaka ndoo ikaisha. Hakuna aliyecheka. Katika ukimya ule nikasikia makofi.

Alikuwa baba. Alikuwa ameliweka koti begani ili mikono iwe huru, na alikuwa akipiga makofi, peke yake, polepole, kama alivyoelekezwa. Alikuwa ameiona ndege ikiingia mfereji. Dereva wa miaka mingi hahitaji kuelezwa maana ya chombo kilichotumbukia. Lakini aliambiwa na mtu mwenye sare kwamba ukiyaona maji, amefaulu, na alikuwa amechagua kuamini maji kuliko macho yake. Alipiga makofi mara saba au nane, akitazama uso mmoja hadi mwingine, akitafuta mwenzake wa kupiga naye. Kisha mikono yake ikapungua kasi, ikabaki imegusana.

Akaja kunivika koti. Nilitikisa mabega likaanguka kwenye tope lililofanywa na maji yangu. Aliinama akaliokota, akalipangusa, akalikunja upya.

"Kata," mkufunzi alimwambia yule kijana.

"Kapteni, lakini..."

"Hata utingo ana shati."

Mkasi wa dukani ulipita mgongoni mwangu ukiwa baridi kuliko maji. Mkufunzi alikipokea kipande, akanikabidhi.

"Chako hakitundikwi. Kafutie udongo kwenye pangaboi."

Nilikwenda nikafuta. Baba alinifuata hadi kwenye ndege, akasimama kando yangu, akachungulia ndani kupitia mlango uliobaki wazi. Alitazama sakafuni kwa muda.

"Ile ya kushoto ni ya nini?" aliuliza.

"Inageuza kushoto, baba."

"Na ya kulia?"

"Kulia."

"Klachi hamna."

"Hamna."

Alinyoosha mkono, akaibonyeza ile pedali ya kushoto kwa kiganja, akaiachia, akaibonyeza tena.

"Basi ni mimi huyo," alisema, si kwangu hasa, bali kwa pedali.

Nilimsikia. Naliandika hili hapa kwa sababu ni lazima niliandike mahali fulani: nilimsikia, nikajua kwamba ameelewa, na kwamba ameubeba mzigo wote bila mimi kumwomba. Nilikuwa nimelowa, shati limetobolewa mgongoni, nikaendelea kufuta pangaboi.

Kabla sijaingia darasani kuandika taarifa, mkufunzi alinisimamisha kwenye kona ya karakana. Alikuwa akijifutia mikono kwa kitambaa.

"Andika upepo," alisema.

"Upepo haukuwepo, Kapteni."

"Ulikuwepo. Ulikuja, ukapita. Mimi nitasema nimeuona."

"Soksi ilikuwa imelala."

"Utingo, nisikilize. Upepo hauna mzazi. Hakuna atakayeuita ofisini, hakuna atakayeucheka. Andika upepo, kesho kutwa urudi angani, na mzee wako apande lori lake akalale."

Nilimtazama kwa dharau iliyotulia. Huyu, niliwaza, ndiye yule niliyemwandikia kurasa nne: mtu anayewasukumia mvua na upepo makosa ya watu. Asubuhi ile alikuwa amenidhalilisha mbele ya mzazi wangu, na sasa alitaka anifanye mwongo pia. Haikunijia hata kidogo kwamba ukatili wake ulikuwa umekwisha kwenye ile ndoo, na kwamba haya mengine yalikuwa rehema, ya namna aliyoijua yeye. Nilimwambia kwamba nitaandika ukweli wote.

"Wote?" aliuliza. "Haya. Wewe ndiye msomi."

Fomu ilikuwa na sehemu tatu: kilichotokea, ulichofanya, na chanzo. Sehemu mbili za kwanza nilizimaliza upesi. Niliandika kwamba hapakuwa na upepo, kwamba nilikanyaga pedali ya kushoto nilipopaswa kukanyaga ya kulia, na kwamba niliutumia usukani kana kwamba nipo ndani ya gari. Hayo yalitosha. Mkuu wa chuo aliniambia baadaye kwamba yalitosha. Kwenye sehemu ya chanzo ningeweza kuandika "mazoea ya kuendesha gari", maneno manne, kweli tupu, nikaweka kalamu chini.

Niliendelea. Kalamu ilikwenda kwa urahisi wa ajabu, na kila sentensi iliyofuata ilikuwa ya kweli.

Saa nane mchana tulikusanyika darasani. Mkuu alimwomba baba abaki, kwa kuwa ni mgeni wa chuo na mzazi. Akamvutia kiti mstari wa mbele. Mkufunzi alisimama nyuma karibu na dirisha. Ukutani vipande vya mashati vilikuwa vimepangwa, vyeupe, vya bluu, kila kimoja na tarehe yake. Nilisimama nikasoma. Nilipofika kwenye chanzo sauti yangu ilikuwa thabiti, na nakiri kwamba nilijivunia uthabiti huo.

"Chanzo. Nilifundishwa kuendesha na baba yangu mzazi, dereva wa lori, nikiwa na umri usioruhusiwa kisheria, bila mwongozo wala leseni. Alinizoesha kukanyaga kwa mguu wa kushoto kila ninapobabaika. Hakuwa na elimu ya kutambua madhara ya mazoea hayo. Mazoea hayo ndiyo yaliyoitoa ndege nje ya kiwanja."

Kiti kililia mahali fulani. Kijana wa Mlandege alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na tabasamu. Baba aliliweka koti magotini, upande wenye tope ukiwa ndani.

Mkuu alivua miwani. "Mzee, samahani, si lazima, lakini kama una la kusema."

Baba alisimama. Alisimama kama madereva wanavyosimama mbele ya trafiki, mikono imenyooka ubavuni, macho kwenye nambari ya begani. Mkuu hakuwa na nambari begani, kwa hiyo macho yake yalikosa mahali pa kutua.

"Ni kweli, mkuu," alisema. "Ni mimi. Huyu hana kosa. Kama kuna wa kurudishwa nyumbani, mimi narudi leo hiihii."

Watu wachache walicheka, kwa sababu walidhani ametania. Alipoona wanacheka, naye alicheka kidogo, kwa adabu, akakaa.

Sikufukuzwa. Mkuu alisema kwamba katika miaka yake yote hajapokea taarifa iliyonyooka kama ile, na kwamba chuo kinahitaji vijana wa aina yangu. Niliamriwa kurudi chini kwa wiki sita, kuendesha ndege juu ya ardhi tu, mbele na nyuma ya kiwanja, nikiwa nimekalia viganja vyangu mwenyewe ili miguu ijifunze kufanya kazi bila mikono. Mkufunzi ndiye aliyenisimamia. Hakuniita Utingo tena. Aliniita Msomi, na katika kinywa chake jina hilo lilikuwa baya zaidi.

Baba alipoaga, alimshika mkuu mkono kwa mikono miwili, akasema "Ndaga" kwa Kinyakyusa, kama anavyofanya akizidiwa na shukrani. Mimi nilimsindikiza hadi barabarani kusubiri bodaboda.

"Umeandika vizuri," aliniambia. "Mwandiko wako ni ule ule wa shule."

Ningeweza kusema jambo pale. Bodaboda ilichelewa. Tulisimama dakika kumi, labda kumi na tano, na nilikuwa na lugha mbili za shule na moja ya nyumbani, na sikusema jambo.

Taarifa yangu haikuishia siku ile. Mkuu aliipiga chapa akaifanya somo. Kila kundi jipya linalofika husomewa, na kwa kuwa majina yameondolewa, wanaifurahia bila wasiwasi. Leo hii pale kiwanjani, mwanafunzi akikosea mguu, wenzake humwambia, "Unakanyaga klachi ya baba." Limekuwa neno la chuo. Wanaolisema hawajui kama lina mwenyewe.

Wenye kumjua mwenyewe ni wachache. Kijana wa Mlandege alikutana naye mwaka uliofuata, lori limesimama kushusha mbele ya maduka yao. Alinisimulia mwenyewe, bila ubaya, akidhani nitafurahi.

"Nikamwita, 'Mzee wa klachi, shikamoo.' Akanyanyua mkono, akacheka. Mzee wako hana makuu kabisa."

Nimelifikiria sana lile jambo la ukweli wote. Kila sentensi niliyoisoma ilikuwa ya kweli, na bado ningeisimamia mbele ya jopo lolote. Lakini siku hizi naweza kujiuliza swali ambalo sikuliuliza siku ile: kwa nini sentensi za kweli zilizohitajika zilikuwa nzito kuandika, na zile zisizohitajika zikaja zenyewe? Sikuziandika kwa ajili ya mkuu wala kwa usalama wa wanafunzi watakaokuja. Niliziandika kwa sababu alipiga makofi. Mtu aliyenimwagia maji sikuwa na uwezo naye. Niliyekuwa na uwezo naye ni yule aliyeniaibisha kwa kunishangilia.

Nilipomaliza mafunzo na kupata cheti, baba alikuja kunichukua na mizigo yangu. Shati langu la pili lilikatwa kihalali, kipande kipo ukutani, lakini siku ya kukatwa sikumwita baba. Nilimwambia kwamba tarehe ilibadilika ghafla. Alisema haidhuru. Tuliondoka Iringa asubuhi, yeye kwenye usukani, mimi kiti cha pili, hotipoti ya mama katikati yetu. Tuliongea habari za bei ya mahindi na za jirani aliyehamia Uyole. Kwenye dashibodi niliona leseni yake imefungwa kwa mpira. Makala yangu haikuwepo, na sikuuliza.

Tukaipita Igawa. Barabara ikanyooka, Usangu ikafunguka pande zote mbili, kijani cha mpunga upande mmoja na vumbi la mifugo upande wa pili. Nilikuwa nimeisubiri sehemu hiyo tangu Makambako bila kujikubalia. Nilikuwa na leseni ya gari sasa, na cheti cha kurusha chombo ambacho hakuna dereva yeyote wa Soweto amekigusa. Baba alitazama mbele, mikono yote miwili juu ya usukani.

"Nishike kidogo, baba?" niliuliza.

Aligusa gia, akaurudisha mkono kwenye usukani.

"Acha, mwanangu. Usije ukachanganya tena."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayeweka dawa mbali na mtoto. Niliitikia, nikajiegemeza, na baada ya muda nikagundua kwamba nimekalia viganja vyangu.

Karibu na Chimala, ng'ombe wa wafugaji walianza kuvuka barabara, kundi kubwa lisilo na haraka. Baba alikanyaga. Na mguu wangu wa kushoto, ambao kwa wiki sita ulifundishwa kusahau, ulizama pamoja na wake hadi kwenye mpira wa sakafu, mahali pasipo na kitu. Lori likaishiwa nguvu taratibu, likasimama. Baba alikuwa ameuona mguu wangu. Aliutazama mpaka ng'ombe wa mwisho alipovuka, kisha akaweka gia, akaurudisha uso wake barabarani.